Je, Uria Mhiti alitoka katika ufalme wa Hattusa?

*“Shalom, mwalimu. Ninaongoza kikundi cha kujifunza Biblia mtaani kwetu, na tumekuwa tukisoma habari za Mfalme Daudi. Tulipofika kwa Uria Mhiti, mabishano yakaanza. Ndugu mmoja alisema Wahiti walikuwa dola kubwa iliyokuwa Uturuki, wakapigana na Mafarao, na kwamba walishinda kwa sababu wao peke yao walijua kufua chuma. Mwingine akauliza: kama walikuwa Uturuki, ilikuwaje Ibrahimu akanunua kaburi kwa Wahiti huko Hebroni? Wa tatu akamaliza kwa kusema waandishi wa Biblia walichanganya mambo. Je, hao ni watu wamoja? Ufalme huo ulikuwa wapi hasa, na watu wake waliishije? Naomba jibu lisilowavunja moyo wenzangu, lakini pia lisilowadanganya.”*

Ndugu yangu, kama nimekuelewa vizuri, kinachowatatiza ninyi nyote ni ramani. Hebroni iko katika milima ya Yuda. Hattusa, mji mkuu wa ufalme anaousema ndugu yako, uko karibu na mji mdogo wa Boğazkale, upande wa kaskazini wa Uturuki ya kati, zaidi ya kilomita 900 kutoka Hebroni kwa mstari ulionyooka, na katikati yake imelala safu ndefu ya milima ya Taurus. Tatizo hilo ni la kweli, na mwenzenu aliyeuliza hakukosa imani kwa kuuliza. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba jina “Wahiti” lilibebwa na watu mbalimbali katika nyakati mbalimbali, na kwamba Uria hawezi kuwa raia wa ufalme wa Hattusa, kwa kuwa zama za Daudi zilipofika, karibu na mwaka 1000 KK, ufalme huo ulikuwa umeanguka kwa takriban miaka 180. Hata hivyo, kutoka hapo hadi kusema kwamba waandishi walichanganya mambo ni mbali sana, na ningependa tufike huko kwa kuanza na nchi yenyewe.

Anatolia ya kati ni uwanda wa juu, wenye kiangazi kikavu na kipupwe chenye theluji nyingi. Unapitiwa na mto Kızılırmak, ambao Wahiti waliuita Marassantiya, unaozunguka kwa pinde kubwa kuelekea kusini na magharibi kabla ya kugeuka kaskazini na kumwaga maji yake katika Bahari Nyeusi. Ndani ya pinde hiyo ndimo kulimokuwa kiini cha ufalme. Hattusa ulijengwa kwenye mteremko wa mawe wenye urefu wa takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, katikati ya mabonde yenye kingo kali. Haukuwa na bandari, wala mto wa kupitisha meli za biashara. Ulichokuwa nacho ni chemchemi za maji, miamba ya kujikinga, na mashamba ya ngano na shayiri yaliyotegemea mvua tu. Misri ilikuwa na Nile na Babeli ilikuwa na mifereji. Wahiti walitazama mbinguni. Ndiyo maana mungu wao mkuu alikuwa mungu wa dhoruba, na ndiyo maana wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta ndani ya kuta za mji huo maghala makubwa ya nafaka yaliyochimbwa ardhini.

Mji wenyewe ulikuwa na historia ya kutisha hata kabla haujawa makao ya wafalme wakuu. Katika karne ya 18 KK mfalme aitwaye Anitta aliuteketeza, akapanda magugu juu yake, na akaacha maandishi ya kumlaani mfalme yeyote atakayeujenga upya. Karibu na mwaka 1650 KK mfalme mwingine aliidharau laana hiyo, akahamia huko, na akajulikana kwa jina la Hattusili, yaani mtu wa Hattusa. Mrithi wake, Mursili wa Kwanza, alishuka na jeshi hadi Babeli na kuupora mji huo, tukio ambalo wanahistoria wengi huliweka karibu na mwaka 1595 KK.

Kutoka uwanda huo nguvu za ufalme zilipanuka kufuata njia chache za asili. Kaskazini, katika milima ya Bahari Nyeusi, waliishi Wakaska, watu wasio na mfalme mmoja wa kufanya naye mkataba, ambao waliusumbua ufalme kizazi baada ya kizazi na hata kuufikia mji mkuu wenyewe. Magharibi kulikuwa na nchi za Arzawa, na mbali zaidi Wilusa, ambayo wataalamu wengi wanaamini ndiyo Troya. Kusini, katika uwanda wa Adana ya leo, kulikuwa na Kizzuwatna, na hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuingilia Shamu. Suppiluliuma wa Kwanza, katika karne ya 14 KK, alipita huko akateka Karkemishi kwenye mto Frati na kumtawaza mwanawe kuwa mfalme wa mji huo. Naomba mlishike jina la Karkemishi, maana tutalirudia.

Mpaka wa kusini wa dola hiyo, hata ilipokuwa na nguvu kuliko wakati wowote, uliishia eneo la Kadeshi, karibu na Homs ya leo, na nchi ya Amurru iliyokuwa jirani yake kaskazini mwa Lebanoni. Kutoka hapo hadi Hebroni ni zaidi ya kilomita 300, na nchi yote ya Kanaani iliyo katikati ilikuwa chini ya Farao. Hakuna mfalme yeyote wa Hattusa aliyewahi kuitawala Hebroni, na nadhani jambo hili moja ndilo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka mno.

Jambo la pili linalohitaji kurekebishwa ni dhana kwamba Wahiti walikuwa kabila moja. Wenyeji wa kale wa nchi hiyo walikuwa Wahatti, wenye lugha isiyo na udugu na lugha za jirani zao. Watawala waliokuja kuiongoza walizungumza lugha nyingine, ambayo wenyewe waliiita lugha ya Nesa, mji ulio karibu na Kayseri ya leo. Mwaka 1915 mtaalamu wa Kicheki, Bedřich Hrozný, alitangaza kwamba lugha hiyo ni ndugu wa Kigiriki, Kilatini na Kiajemi, jambo lililowashangaza wengi wa wakati wake. Katika hifadhi za Hattusa yamepatikana takriban mabamba 30,000 ya udongo, mazima na vipande, yaliyoandikwa kwa mwandiko wa kikabari, yaani alama zenye umbo la kabari, na ndani yake mna lugha zisizopungua saba. Walioitwa watu wa Hatti, kama nchi ya Hattusa ilivyoitwa, walikuwa raia wa nchi fulani chini ya mfalme fulani. Mtu angeweza kuwa Mluwi au Mhurri, watu wa jamii nyingine zenye lugha zao, au Mhatti kwa asili, na bado akahesabiwa mtu wa Hatti.

Uliuliza waliishije, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu habari za vita zimeyafunika mambo ambayo kikundi chenu kingefaidika nayo zaidi. Wahiti walisema nchi yao ina miungu elfu moja, na hawakuwa wakitia chumvi sana. Kila walipoutwaa mji, waliipokea miungu yake, wakaendelea kuiabudu kwa lugha yake. Huko Yazılıkaya, mwendo mfupi kutoka Hattusa, miungu ya kiume na ya kike imechongwa kwenye miamba ikija katika safu mbili, na walio mbele yao ni mungu wa dhoruba na mkewe, majina yao yakiwa yameandikwa kwa Kihurri. Malkia Puduhepa, aliyetoka Kizzuwatna, anamwambia mungu wa kike wa Jua katika sala yake kwamba katika nchi ya Hatti anaitwa mungu wa Jua wa Arinna, lakini katika nchi ya mierezi anaitwa Hepat. Huyo ni mwanamke wa karne ya 13 KK akifikiri kwa utulivu kabisa juu ya swali la kama mataifa mawili yanamwomba mmoja kwa majina mawili. Puduhepa hakuwa mke wa mfalme tu. Alikuwa na muhuri wake, aliamua mashauri, na aliandikiana barua na Ramesses wa Pili wa Misri kama mtu wa hadhi sawa naye.

Sheria zao, zipatazo 200, zinashangaza mtu aliyezoea kusoma sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, za jicho kwa jicho. Anayempofusha mtu huru au kumng’oa jino hapofushwi wala hang’olewi. Analipa fedha, na sheria yenyewe inaeleza kwamba zamani faini ilikuwa shekeli 40, lakini sasa ni shekeli 20. Nakiri kwamba nimeipenda sana tabia hiyo ya kuandika “zamani” na “sasa” katika kifungu kimoja, kwa sababu inaonyesha watu waliojua kwamba sheria ni kazi ya wanadamu na yaweza kupunguzwa makali. Tusiwapambe kupita kiasi, hata hivyo. Walikuwa na watumwa, walihamisha mateka kwa maelfu, na aliyeipinga hukumu ya mfalme aliangamizwa pamoja na nyumba yake yote.

Kwa kikundi cha Biblia, andiko ninalolipendekeza kuliko yote ni sala za Mursili wa Pili wakati wa tauni. Ugonjwa uliingia nchini pamoja na mateka wa vita waliotwaliwa katika eneo lililokuwa chini ya Misri, ukaua watu kwa karibu miaka 20. Mfalme alichunguza kumbukumbu za zamani, akagundua kwamba baba yake, Suppiluliuma, alivunja kiapo alichokuwa amewekeana na Wamisri mbele ya mungu wa dhoruba. Anakiri mbele ya miungu kwamba yeye mwenyewe hakutenda kosa hilo, lakini anakubali kwamba dhambi ya baba humfikia mwana, na kwa kuwa ameikiri, anaomba nchi iachiliwe. Msomeni kando ya Ezekieli 18, ambapo methali ya mababa waliokula zabibu mbichi inakataliwa. Mtaona kwamba swali hilo liliwaumiza watu wa mataifa mengi, na kwamba kila mmoja alilijibu kwa njia yake.

Kuhusu chuma, ndugu yako amerudia maelezo yaliyokuwa katika vitabu vya shule kwa muda mrefu, lakini ambayo leo hayakubaliki. Wahiti walijua chuma, walikithamini, na walikitumia kutengenezea vitu vya heshima na vya ibada. Majeshi yao, hata hivyo, yalipigana kwa shaba nyeusi kama majirani zao. Ipo barua ya Hattusili wa Tatu, mume wa Puduhepa, inayoeleza kwamba wakati huo chuma kizuri hakikuwapo katika ghala lake la Kizzuwatna, na kwamba anatuma bapa la jambia moja kwanza. Mfalme mwenye jeshi lililojaa silaha za chuma hatumi bapa moja kama zawadi. Nguvu yao halisi ilikuwa magari ya farasi, mtandao wa wafalme wadogo waliofungwa kwa viapo, na ustadi wa kuandika mikataba.

Hata vita vya Kadeshi vya mwaka 1274 KK, kati ya Muwatalli wa Pili, mfalme wa Wahiti, na Ramesses wa Pili, havikuwa ushindi wa wazi kama Ramesses alivyouchora kwenye kuta za mahekalu yake. Kadeshi yenyewe ilibaki mikononi mwa Wahiti. Miaka 15 baadaye, mwaka 1259 KK, Hattusili wa Tatu na Ramesses walifanya mkataba wa amani, na tunazo nakala za pande zote mbili: ya Misri imechongwa katika hekalu la Karnak, na ya Wahiti iko kwenye udongo, kwa Kiakadi, lugha ya Babeli. Moja ya vipande vyake huonyeshwa katika makumbusho ya Istanbul.

Anguko lilikuja haraka. Puduhepa alikwisha kumwandikia Ramesses kwamba nchini mwake hakuna nafaka, na Farao Merneptah aliandika kwamba alipeleka nafaka kwa meli ili kuiokoa nchi ya Hatti. Uchunguzi wa pete za miti ya mireteni kutoka Gordion, mji wa kale wa Anatolia ya kati, uliochapishwa mwaka 2023, umeonyesha ukame mkali wa mfululizo kati ya mwaka 1198 na 1196 KK. Nchi isiyo na mto wa kumwagilia huweza kustahimili mwaka mmoja wa njaa kwa maghala yake, lakini mitatu ni mzigo mwingine. Pamoja na Wakaska, ugomvi ndani ya ukoo wa kifalme, na kuvurugika kwa biashara ya bahari ya Mediterania, hilo lilitosha. Karibu na mwaka 1180 KK Hattusa ulikuwa umeachwa. Inaelekea watawala waliondoka na mali zao kabla ya moto kuwashwa, kwa kuwa majengo mengi makubwa yaliyoungua yalikutwa matupu.

Sasa turudi Karkemishi. Mji ule haukuanguka. Ukoo wa kifalme uliotokana na Suppiluliuma uliendelea kutawala pale, na pamoja nao kukatokea falme ndogo kadhaa, kama vile Malatya na Hamathi, zilizochonga maandishi ya Kiluwi kwenye mawe na kuyahifadhi majina ya wafalme wa zamani. Waashuru waliziita zote Hatti, na baadaye wakalitandaza jina hilo juu ya Shamu yote hadi Palestina, mpaka hata wafalme wasio na tone la damu ya Anatolia wakahesabiwa humo. Karkemishi ilitekwa na Sargoni wa Pili mwaka 717 KK. Kama mnataka mfano wa jina linalohama hivi, Waislamu jirani zenu wanaufahamu: Warumi wanaotajwa katika Sura ya Ar-Rum walikuwa na mji wao mkuu Konstantinopoli, na Anatolia yenyewe iliendelea kuitwa Rum karne nyingi baada ya Roma ya Italia kuacha kuitawala.

Mkilishika hilo, aya kadhaa zinatulia zenyewe. Katika 1 Wafalme 10:29 Sulemani anauza magari na farasi kwa “wafalme wa Wahiti”, na katika 2 Wafalme 7:6 jeshi la Washami linakimbia usiku likidhani Waisraeli wamekodi “wafalme wa Wahiti”. Tazameni kwamba ni wafalme, kwa wingi. Hiyo ndiyo hali halisi ya kaskazini mwa Shamu wakati huo, na mwandishi hakuchanganya kitu chochote.

Wahiti wa Hebroni katika Mwanzo 23 ni wagumu zaidi, na hapa nitakuwekea mawazo yaliyopo kama yalivyo. Wapo wanaosema walikuwa wahamiaji kutoka Anatolia, na wanataja kwamba hati za Wahiti zenyewe zinasema watu wa mji wa Kurustamma walihamishiwa katika eneo la Misri. Uhamisho huo ni wa kweli, lakini hakuna kinachowaunganisha watu hao na Hebroni. Wengine wanasema “wana wa Hethi” walikuwa ukoo wa Kanaani ambao jina lao lilifanana tu na la Hatti. Mwanzo 10:15 inamtaja Hethi kuwa mwana wa Kanaani, na majina kama Efroni na Sohari ni ya lugha za Kisemiti. Wengine tena wanaona kwamba mwandishi alitumia jina lililokuwa likitumika katika zama za Waashuru kwa wenyeji wa kale wa nchi. Mimi naona mawazo haya mawili ya mwisho yana nguvu zaidi, na yanaweza kwenda pamoja.

Huenda mkakutana pia na hoja kwamba ununuzi wa pango la Makpela kwa shekeli 400 unafuata sheria za Hattusa, kwa sababu Efroni, mwenye shamba, alitaka kumuuzia Ibrahimu shamba zima badala ya pango peke yake. Hoja hiyo ilitolewa na Manfred Lehmann mwaka 1953 na ilipendwa sana. Wasomi wengi wameiacha, kwa kuwa mazungumzo ya aina hiyo yanafanana zaidi na hati za mauzo za Babeli za zama za baadaye. Msiijenge imani ya mtu juu yake. Vivyo hivyo msirudie kwamba wasomi wote walikana kuwapo kwa Wahiti hadi jembe la wachimbaji wa mambo ya kale lilipowaaibisha. Maandishi ya Misri yalikuwa yakisomwa tangu karne ya 19, Charles Texier aliyaona magofu ya Hattusa mwaka 1834 bila kuyatambua, Archibald Sayce alizungumzia dola ya Wahiti mwaka 1880, na uchimbaji mkubwa wa Hugo Winckler na Theodor Makridi ulianza mwaka 1906. Ilikuwa kazi ya hatua kwa hatua.

Na Uria? Jina lake linasomeka vizuri kwa Kiebrania, ingawa wapo wanaolihusisha na Kihurri. Aliishi Yerusalemu karibu na jumba la mfalme, na ametajwa wa mwisho katika orodha ya mashujaa wa Daudi katika 2 Samweli 23:39. Inawezekana ukoo wake ulitoka katika falme za Shamu ya kaskazini, na inawezekana pia ulikuwa wa wenyeji wa milima ya Yuda. Sura ya 11 haihitaji tuchague. Inachohitaji ni msomaji asikie kwamba mtu aliyeitwa kwa jina la taifa lingine ndiye aliyekataa kulala nyumbani kwake wakati sanduku na Israeli wanakaa katika vibanda.

Kwa somo lenu lijalo, chukua karatasi mbili na uchore ramani mbili, moja ya mwaka 1270 KK yenye Hattusa, Kadeshi na mpaka wa Misri, na nyingine ya mwaka 900 KK yenye Karkemishi na Hamathi, kisha mweke kila aya mahali pake. Swali la majina ya Mwanzo 23 katika Kiebrania halitamalizika kwa barua. Lipeleke ana kwa ana kwa mwalimu wa Agano la Kale katika chuo cha theolojia kilicho karibu nanyi, ukiwa umebeba aya zenyewe, umwombe akae nawe aifungue Biblia ya Kiebrania. Na ikitokea mmoja wenu akasafiri kwenda Uturuki, aanzie katika Makumbusho ya Ustaarabu wa Anatolia mjini Ankara kabla ya kwenda Boğazkale, maana sanamu na mabamba mengi yaliyotolewa pale yako mjini, na kule atakuta misingi ya mawe, lango la simba, na upepo wa uwanda. Asinunue bamba la udongo kwa mtu yeyote njiani: likiwa halisi, limeibwa, na sheria ya nchi hiyo ni kali.